Ukitaka kutoa mtoto wa jicho, anza na handaki

Wanaoanza mafunzo ya ubingwa wa macho hapa Moshi wanaulizana jambo moja tangu wiki ya kwanza: lini nitaruhusiwa kumtoa mtoto wa jicho mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho? Nami niliuliza hivyo hivyo. Sasa ninapokaa upande wa pili wa darubini nikiwasimamia wadogo zangu, nawauliza kwanza kama wanaweza kuchonga handaki.

Upasuaji ninaousema ni ule wa mkono, wa tundu dogo lisiloshonwa. Ipo njia ya mashine inayosaga lenzi kwa mawimbi ya sauti, aliyoianzisha Charles Kelman huko New York mwaka 1967, na ni nzuri. Ila mashine ni ghali, na wazee wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, lenzi imeshakuwa ngumu ya kahawia au nyeupe kabisa. Lenzi ya namna hiyo hutoka salama zaidi ikiwa nzima, kupitia mkato wa milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho. Mkato huo ndio handaki, nao hujifunga wenyewe, iwapo tu umechongwa sawasawa.

Unaanza milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya ukingo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kata nusu ya unene wa ukuta, usizidishe. Kisha chukua kisu cha hilali, ukipitishe katikati ya unene huo kuelekea mbele, mpaka kiingie milimita 1 au zaidi kidogo ndani ya konea angavu. Kisu ukikiona waziwazi kupitia nyama, uko juu mno na dari litatoboka. Kikipotea machoni, uko chini mno: utaingia ndani ya jicho kabla ya wakati, na sehemu yenye rangi itaanza kuchungulia nje. Unatakiwa ukione kwa ukungu tu. Jicho ni mviringo, kwa hiyo ukikaribia konea inua ncha ya kisu ufuate mviringo huo. Wengi husukuma moja kwa moja na hapo ndipo wanapotoboa. Mdomo wa ndani uwe mpana kuliko wa nje. Handaki likiwa hivyo, lenzi hupita bila kulazimishwa, na mwishoni shinikizo la jicho lenyewe huubana mlango.

Hayo yote unaweza kuyajua kabla hujamgusa mgonjwa. Nenda buchani asubuhi ukaombe macho ya mbuzi, maana yakilala konea inageuka ukungu na huoni kitu. Yabane kwa pini kwenye kipande cha povu gumu, ingiza maji ya chumvi kwa sindano kupitia mshipa wa fahamu ulio nyuma yake ili jicho lisinyauke, kisha chonga. Zungusha jicho, chonga upande mwingine. Kwa kufungua mfuko wa lenzi, jicho la mbuzi halikufundishi sana, kwa sababu mfuko wake unavutika kuliko wa binadamu mzee. Ngozi ya nyanya iliyoiva hufaa zaidi.

Ukifika kwa mgonjwa, kubali kujifunza kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwalimu afanye kila kitu, akuachie kuosha jeli inayolinda jicho kwa ndani. Baadaye akuachie kuweka lenzi ya plastiki, kisha kunyonya mabaki ya lenzi kwa kanula ya Simcoe. Kutoa kiini cha lenzi kuwe cha mwisho kabisa kujifunza. Wako wanaoona kama wanacheleweshwa. Mimi naamini ndiyo njia ya haki pekee kwa mwenye jicho.

Kiini chenyewe kina kanuni moja kubwa: jeli juu yake, jeli chini yake. Seli zinazofunika konea kwa ndani hazioti tena zikikwanguliwa, na zikipungua mno kioo kinabaki na ukungu wa kudumu. Kiini kikikataa kutoka, usivute. Rudi upanue mdomo wa ndani wa handaki.

Watu husahau vipimo vya kuchagua lenzi ya kuweka. Kosa la milimita 1 katika urefu wa jicho huharibu nguvu ya lenzi kwa zaidi ya dayopta 2. Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ya bandia London mwaka 1949, mgonjwa wake alibaki na uoni wa karibu wa takribani dayopta 18, kwa sababu hesabu ya nguvu ilikuwa bado haijajulikana. Sisi tunayo. Pima mwenyewe, na linganisha macho yote mawili; yakitofautiana sana, pima tena.

Halafu, mgonjwa yuko macho. Ganzi imeshika jicho tu, naye anasikia kila neno, hata mwalimu anapokwambia "simama hapo hapo". Msalimie kabla hujamfunika uso. Mimi husema: "Shikamoo bibi. Utaona mwanga mkali, usiogope. Ukitaka kukohoa, niambie kwanza, usitikise kichwa." Na mkubaliane na mwalimu mapema kwamba atakaposema "nipishe", unapisha bila mjadala.

Kwa sababu siku itafika ukuta wa nyuma wa mfuko wa lenzi utachanika. Unene wake ni sehemu chache tu za elfu moja ya milimita, na hakuna mpasuaji ambaye haujamchanikia. Ute wa ndani ya jicho ukianza kuja mbele, usichomoe vyombo kwa haraka, kwa kuwa jicho likilegea ghafla mpasuko unakua. Jaza jeli kwanza, ndipo utoe mkono. Na usiendelee kunyonya ukidhani utamaliza kabla mwalimu hajaona. Ute ukivutwa huvuta na retina.

Kesho yake asubuhi, mfungue bandeji wewe mwenyewe, umsomeshe ubao wa herufi, uandike alichosoma kwenye daftari lako. Fanya hivyo kwa kila jicho, na mwambie arudi kupimwa tena baada ya wiki chache. Atakayekuuliza umefanya upasuaji mara ngapi, mwonyeshe daftari hilo.