Kirusi Kichanga na Dawa Inayokizuia Kukomaa

Virusi vya Ukimwi (VVU) haviwezi kuzaliana vyenyewe. Huingia kwenye seli za CD4, zile seli nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili, na kuzilazimisha zitengeneze virusi vingine.

Seli iliyoambukizwa huanza kutoa protini ndefu za kirusi. Zaidi ya 2,000 kati yake hukusanyika chini ya utando wa seli, zikizingira nyuzi mbili za vinasaba vya kirusi. Utando huo huvimba kwa nje, kikatokea kinundu kidogo mno, nacho hukatwa shingoni kikaachia. Kinachokata ni protini za seli yenyewe, zile zile inazozitumia inapogawanyika. Mwizi amefunguliwa mlango na mwenye nyumba, tena anaondoka na kipande cha utando amejifunika.

Lakini kirusi hicho bado ni kichanga, hakiwezi kuambukiza. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho proteasi, ambacho huzikata zile protini ndefu vipande vipande. Vipande hujipanga upya, likatokea ganda lenye umbo la pia linalohifadhi vinasaba. Hapo ndipo kirusi kinapokuwa cha hatari.

Dawa kama lopinaviri na atazanaviri huifunga proteasi isikate. Ya kwanza ya kundi hili, sakwinaviri, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Siku hizi dawa za kundi hili mara nyingi hupewa mtu ambaye dawa zake za mwanzo zimeshindwa kufubaza virusi. Virusi vinaendelea kutoka kwenye seli, ila vinatoka vibichi na kuishia hapo. Seli zenye maambukizi, hata hivyo, bado zimo mwilini. Ukiruka dozi, proteasi inarudi kukata, na virusi vinavyozaliana dawa ikiwa kidogo kwenye damu ndivyo vinavyojenga usugu.

Atazanaviri humezwa pamoja na chakula, siyo kabla ya kula. Baadhi ya watumiaji macho huwa ya manjano, na hapo ndipo maneno ya majirani huanza. Mara nyingi ni dawa tu inayochelewesha mwili kuondoa rangi ya nyongo, wala ini halijaharibika. Hata hivyo nenda kliniki ukapimwe, maana homa ya ini nayo huleta manjano. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Jambo linalosahaulika sana ni dawa za vidonda vya tumbo na kiungulia. Omeprazoli inayonunuliwa duka la dawa la mtaani huzuia atazanaviri isifyonzwe vizuri tumboni, kwa hiyo muulize mhudumu wako kabla ya kuinunua. Ukigundulika kuwa na kifua kikuu, mwambie daktari mapema unatumia dawa gani za VVU: rifampisini hupunguza mno kiwango cha atazanaviri kwenye damu, na itabidi dawa zipangwe upya.