Kitabu Kinachomfaa Mtoto: Somo kwa Wazazi na Walezi

Mtoto aingiapo maktaba kwa mara ya kwanza, mara nyingi mzazi humchagulia kitabu kinene, akiamini kuwa ugumu ndio elimu. Mtoto hukwama ukurasa wa kwanza, hujiona mjinga, na pengine asirudi tena. Kosa si lake. Ni la uchaguzi.

Ipo njia rahisi ya kupima. Mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kisubiri. Kikikunjwa kimoja hadi vinne, kinamfaa: atapata maneno mapya bila kupoteza utamu wa kisa. Kisipokunjwa hata kimoja, asizuiwe. Kusoma kwa wepesi nako hujenga mazoea.

Kwa asiyejua kusoma bado, kinafaa kitabu cha picha: mzazi asome, mtoto aeleze aonacho. Kwa anayesoma mwenyewe, Hekaya za Abunuwasi ni fupi na huchekesha. Kwa anayekaribia kumaliza shule ya msingi, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert humfikirisha juu ya husuda na msamaha.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijitenge. Amwombe mtoto amsimulie alichosoma, kisha amuulize, “Ingekuwa wewe, ungefanyaje?” Aliyeelewa atajibu, aliyekariri atanyamaza. Hapo ndipo mkutubi aombwe kitabu kingine.