Karela kwa Mwenye Kisukari: Pika, Pima, Usiache Dawa

Wauza unga wa karela na wa mbegu za zambarau wana hoja moja: kichungu huua kitamu. Inavutia, lakini sukari iliyo kwenye damu haijali ulimi umeonja nini. Hata hivyo karela si ya kupuuzwa. Ina viambata, charantini kikiwa kimojawapo, ambavyo vimeshusha sukari ya wanyama wa maabara. Kwa binadamu ndipo ushahidi unapolegea: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yalichambua majaribio manne, yasipate ushahidi wa kutosha kuipendekeza kwa kisukari cha aina ya pili. Chai ya majani ya mzambarau nayo ilijaribiwa Brazil. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa haikushusha sukari, ilhali vidonge vya kisukari vya glibenklamidi vilishusha.

Basi ukiitaka karela, ile kama mboga. Chagua changa, ya kijani na ngumu. Iparue, ipasue, toa mbegu zote, katakata vipande vyembamba, nyunyizia chumvi na uiache nusu saa. Kisha ikamue na kuisuuza vizuri, kwa sababu wenye kisukari wengi wana presha pia na chumvi hiyo haiwafai. Kaanga kwa mafuta kidogo, kitunguu na nyanya. Uchungu hauishi wote, wala usijaribu kuumaliza kwa sukari.

Kabla hujaanza, pima sukari kwa wiki moja: asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya mlo mkuu. Andika kwenye daftari. Ukishaanza, endelea kupima nyakati zilezile, bila kubadilisha dawa wala mlo mwingine. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limefanya kazi. Daftari hilo lipeleke kliniki na umweleze daktari unachokula. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, ndicho kitakachoamua ubishi.

Juisi ya karela inayonywewa tumbo tupu ni habari nyingine, hasa kwa anayetumia glibenklamidi au insulini. Sukari inaweza kushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, upime tena. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mjamzito aiache kabisa juisi hiyo na dawa zote za karela. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD naye ajihadhari, kwa kuwa mbegu za karela zina visini, kemikali inayoweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Na unga wa kwenye kopo lisilo na lebo? Mimi singeununua. Dawa za asili zimewahi kukamatwa zikiwa zimechanganywa kimyakimya na vidonge vya hospitali. Kijiko kimoja kikishusha sukari ghafla, usishangilie. Mpelekee daktari kopo hilo.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asithubutu kubadilisha sindano kwa tunda lolote. Akikosa insulini, anaweza kufariki ndani ya siku chache.