Kidole kikikatika Tunduma: pete za kuunga mishipa na saa za kwanza

Msumeno wa mbao, panga la shambani Mbozi, minyororo ya malori pale mpakani Tunduma: vidole vya watu wa Mkoa wa Songwe viko hatarini kila siku. Kikikatika kabisa, wengi hukitupa. Usikitupe.

Ili kidole kirudishwe na kiishi, damu lazima iingie na itoke, yaani ateri ziungwe na vena pia. Mfaransa Alexis Carrel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi iliyohusu ushonaji wa mishipa, na mpaka leo uzi ndio tegemeo. Ila mshipa wa kidole una upana wa milimita 1 hivi. Hushonwa chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Ndiyo maana zikabuniwa pete. Ni mbili, za plastiki, zenye vipini vidogo vya chuma. Ncha ya mshipa hupitishwa katikati ya pete, ukingo wake ukakunjwa kwa nje na kuchomekwa kwenye vipini. Upande wa pili vilevile. Kisha pete hubanwa zikashikana, kama fundi bomba anavyofunga unioni. Ni kazi ya dakika chache, na ndani ya mshipa hapabaki uzi unaogusana na damu. Pete hufaa zaidi kwenye vena, hasa daktari anapohamisha nyama na ngozi kuziba jeraha kubwa. Ateri, kwa ugumu wa ukuta wake, mara nyingi bado hushonwa. Kwenye vidole vyenyewe mishipa huweza kuwa myembamba mno hata kwa pete.

Lakini hakuna kifaa kinachorudisha muda uliopotea. Kidole kisichopozwa huvumilia saa 12 hivi, kilichopozwa hata 24. Mkono mzima usiopozwa, kwa sababu ya misuli, saa 6 tu. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100, na foleni ya malori mnaijua.

Kwa hiyo kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe. Kidonda kisipakwe mafuta ya taa wala majani. Kipande kisuuze, kizungushie shashi iliyoloweshwa maji safi, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ndipo mfuko uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama yenyewe, inaiua. Spiriti pia hapana.

Andika saa ya ajali. Majeruhi asile, asinywe, asivute sigara. Ndugu mmoja afuate fomu ya PF3 polisi huku mgonjwa akiwahishwa hospitali. Mkifika Hospitali ya Mkoa, Vwawa, ombeni wapige simu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kabla gari halijaondoka: je, daktari wa kuunga mishipa yupo, au mgonjwa apelekwe Muhimbili?

Aliyewekewa pete hubaki nazo mwilini. Siku akipelekwa kwenye kipimo cha MRI, awaambie wahudumu mapema.