Kipi kiende na kipi: sahani yangu ya kila siku Birere

Anayetaka kula vizuri Goma hahitaji duka la vyakula vya ng'ambo. Vyote vinapita Birere: viazi na kabichi za Kibumba, mananasi ya Idjwi, sambaza wa ziwani, maharage ya Masisi na Rutshuru pale njia inapokuwa wazi. Ninachosisitiza ni kwamba vyakula hivi vinasaidiana, na mpishi anayejua kipi kiende na kipi anapata faida kubwa zaidi kwa pesa ileile. Kwangu kuna mzee mwenye presha na kuna watoto, na chungu ni kimoja, kwa hiyo jambo hili nalifikiria kila siku.

Naanza na maharage. Nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji. Yanaiva upesi, na kwa bei ya makala hiyo peke yake ni sababu tosha. Lakini kuloweka pia kunapunguza fitati, ambayo huyashikilia madini ya chuma yasiingie mwilini. Chuma cha maharage na cha majani hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama; kinataka vitamini C iwe katika mlo uleule. Ndiyo maana maharage yangu hayaendi bila lengalenga. Naziosha kwa maji mengi safi, maana mji huu unakijua kipindupindu, nazikata, nazitia juu ya kitunguu na nyanya zilizokwisha kulainika, na kuziepua zikiwa bado za kijani, kwa sababu moto wa muda mrefu huiua vitamini hiyo. Sahani zikishapakuliwa, nakamulia ndimu. Siyo chunguni, ni kwenye sahani. Asiye na ndimu ale kipande cha nanasi au maracuja baada ya chakula.

Chai iache kwanza. Tanini zake, na zile za kahawa, hukifunga chuma hichohicho ulichokitafuta kwa shida. Subiri saa moja au mbili, kisha unywe. Kwa mama mjamzito, au binti aliyepungukiwa na damu, hili si dogo hata kidogo, na halina gharama yoyote.

Sombe nalo lina kanuni yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo yatwangwe hadi yalainike kabisa, kisha yachemke kwa muda mrefu bila kifuniko, mvuke uondoke na sumu hiyo. Wanaouza yaliyokwisha kusagwa sokoni wanatupunguzia kazi ya kutwanga. Kazi ya kuchemsha inabaki yetu. Mawese natia mwishoni, kijiko kimoja au viwili kwa chungu cha familia. Rangi yake nyekundu inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ile ya kwenye majani pia haifyonzwi vizuri bila mafuta. Ila karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli, kwa hiyo sombe linaloelea katika mafuta silipendi, hata siku ya harusi.

Juu ya sombe natupia sambaza. Samaki huyu aliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye nyama ya mnyonge. Mle mzima, na kichwa na mifupa, upate kalisi. Kwa wanaokula bugali wa muhogo ana faida nyingine: protini yake ina asidi amino zenye salfa, na mwili huzitumia kuvunja makali ya sianidi iliyobaki. Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliandika kuhusu konzo, ugonjwa unaopooza miguu, ulioonekana Kwango, magharibi ya nchi yetu. Unawapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri, huku samaki, nyama na maharage vikiwa haba. Nikikumbuka hilo, sioni sambaza wachache katika bugali kuwa anasa.

Mwenye sukari asiogope bugali, aupunguze. Mboga na maharage vijaze nusu ya sahani na zaidi, bugali uchukue robo. Nyuzi za maharage hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Viazi na ndizi vivyo hivyo, visilundikwe pamoja na wali katika sahani moja, kama tunavyofanya mgeni akija. Na dawa za daktari ziendelee. Sahani hii inazisaidia, haizichukulii nafasi.

Kwa presha, adui ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu ile ya kwenye samaki waliokaushwa na kwenye vile vichemraba vya kutia ladha. Mimi natumia tangawizi, kitunguu saumu, poaro, pilipili na ndimu, na chumvi kidogo yenye madini joto natia mwishoni, nikishaonja.

Tangu mji uanguke mikononi mwa waasi Januari 2025 pesa zimekuwa ngumu kwa wengi, nami siandiki kwa wenye friji zilizojaa. Pesa ikiwa ya vitu viwili tu, nunua maharage na lengalenga. Ikiongezeka, ongeza ndimu, kisha sambaza, kisha avokado. Soda iache dukani.