Vidokezo vya kumtambua thiripi wa nyasi

Kung'uta masuke ya ukoka juu ya sahani nyeupe, kisha subiri kidogo. Vumbi litatulia, na ndani yake wadudu wembamba wenye urefu wa milimita moja au mbili wataanza kutembea. Hao ni thiripi. Mkulima wa vitunguu anawafahamu vizuri kwa hasara wanayomtia, ila hawa wa nyasini hawana mwenyewe, na wote hubebeshwa jina moja la mharibifu. Si haki, na ni gharama pia. Thiripi wana spishi zaidi ya 6,000: wapo wanaofyonza majani, wanaokula chavua, wanaoishi kwa ukungu, na wapo wanaowinda wadudu wenzao. Kabla ya kushika bomba la dawa, mwangalie mwili.

1. Hakikisha kwamba ni thiripi kweli. Bawa lake ni ukanda mwembamba uliozungukwa na nywele ndefu pembezoni, na nywele hizo huchukua nafasi kubwa kuliko bawa lenyewe. Lakini nyasini wapo wengi wasio na mabawa kabisa, kwa hiyo angalia pia ncha ya mguu: pana kijibofu laini kinachotokeza anapokanyaga na kurudi ndani anapoinua mguu. Mdomo umeelekea chini na nyuma kwa umbo la koni, tena umekaa upande. Taya la kushoto tu ndilo lililokua. La kulia hupotea angali ndani ya yai. Hakuna kundi jingine la wadudu lenye mdomo wa namna hii, nami naona hii ndiyo alama nzuri kuliko zote ingawa inahitaji hadubini. Vidukari wadogo wanaweza kukuchanganya kwenye sahani, ila wao ni wanene na wengi wana vijirija viwili mgongoni karibu na mkia.

2. Anzia mkiani. Watu wengi huanza na kichwa kwa sababu ndicho chenye macho. Mkia unajibu swali kubwa haraka zaidi. Pingili ya kumi, ile ya mwisho, ikiwa ni mrija uliofunga pande zote, uko kwenye kundi la Tubulifera. Ikiwa tumbo linachongoka kawaida, na jike ana msumeno mdogo chini ya mkia, huyo ni wa Terebrantia. Msumeno huo ni wa kutagia: hupasua jani na kuficha yai ndani ya nyama ya mmea. Jike wa Tubulifera hana chombo hicho, hivyo hutaga juu ya jani au kwenye nyufa. Mabawa nayo yanathibitisha. Wa Terebrantia huyalaza sambamba mgongoni, na ndani yake mna mishipa yenye vinyweleo. Wa Tubulifera huyapandanisha moja juu ya jingine, na hayana mishipa. Katika masuke ya nyasi, mwenye mrija utakayemkuta mara nyingi ni Haplothrips: mweusi au wa kahawia iliyokolea, bawa lake la mbele limebanwa kidogo katikati.

3. Hesabu pingili za vipapasio, kisha hesabu tena. Tisa zilizo wazi, pamoja na mabawa mapana yenye ncha ya mviringo, zinaelekeza kwa Aeolothripidae, familia yenye wawindaji wengi. Mwache aendelee na kazi yake. Saba au nane ni kawaida ya Thripidae, familia ya wengi wa wale wanaokula nyasi. Hapa lakini pana mtego: Anaphothrips huonekana ana tisa, kwa sababu pingili ya sita imekatwa na mstari wa mshazari. Msumeno wa jike ndio unaoamua. Wa Aeolothripidae umepinda kuelekea juu, wa Thripidae umepinda kuelekea chini. Na ukimkuta mdogo wa manjano, kichwa kirefu, bila mabawa, mwenye pingili sita tu, huyo ni Aptinothrips rufus, mkazi wa mashina ya nyasi katika nchi za baridi.

4. Mjue Chirothrips kwa sura yake ya ajabu. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu thiripi mmoja tu wa nyasi, ningemchagua huyu. Kichwa chake ni kidogo mno kwa mwili wake, nacho kinazidi kuwa chembamba mbele ya macho. Bamba lililo nyuma ya kichwa limebanwa mbele na kutanuka nyuma, umbo la trapeza. Miguu ya mbele ni minene. Na pingili ya pili ya kipapasio imevutwa upande wa nje mpaka inatokeza kona. Hiyo ukiiona mara moja hutaisahau.

Umbo hilo linaendana na maisha yake. Mtoto wa Chirothrips huingia kwenye kiua kimoja cha nyasi, hula punje inayojitunga, hukua humo, na hugeuka mdudu mzima humo humo. Kiua kimoja, mdudu mmoja, mbegu moja iliyopotea. Mdudu mzima naye hupita kwenye nafasi finyu baina ya maganda, na kichwa kilichochongoka juu ya kifua kilichopanuka kinafaa kazi hiyo. Dume hana mabawa. Anayesafiri ni jike.

Katika nchi za joto jamaa yake aliyeenea sana ni Arorathrips mexicanus, ambaye zamani alihesabiwa kuwa Chirothrips. Anayezalisha mbegu za malisho ana sababu ya kumhofia. Mwenye shamba la mahindi pembeni mwa ukoka hana.

5. Tazama miiba. Limothrips jike ana vinyweleo viwili vifupi, vinene, vigumu kwenye pingili ya kumi, vinavyoonekana kama jozi ya miiba mkiani. Limothrips cerealium ni wa ngano na shayiri za Ulaya. Siku za joto huruka kwa makundi makubwa, na hupenda kujibanza penye nafasi finyu, hata ndani ya vioo vya picha za ukutani na ndani ya ving'ora vya moshi, ambavyo huvifanya vilie bila moto.

6. Kwenye mahindi, hesabu vinyweleo. Hapa hakuna mzaha. Mnamo Septemba 2011 wakulima wa Bomet, Kenya, walianza kuona mahindi yakikauka kuanzia majani ya katikati. Ugonjwa huo husababishwa na virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja, na kimojawapo, kile cha madoa ya manjano, huweza kubebwa na thiripi wa mahindi, Frankliniella williamsi. Baadaye ulifika Tanzania, Uganda na Rwanda.

Frankliniella wote wana vinyweleo virefu mbele na nyuma ya lile bamba la nyuma ya kichwa. Jenasi ya Thrips, ambayo ndiyo hufananishwa nao zaidi, ina virefu nyuma tu. Kwenye bawa la mbele, Frankliniella ana mishipa miwili, na yote miwili ina mstari kamili wa vinyweleo usiokatika. Ukishafika hapo, mgeuze chali. F. williamsi ni wa manjano, na kwenye bamba la chini la pingili ya pili ya tumbo ana kinyweleo kimoja au viwili katikati, mahali ambapo karibu ndugu zake wote ni weupe mtupu. Unywele huo mmoja unastahili dakika kumi za kutafutwa, maana ndio unaomtenga mbeba virusi na thiripi mwingine wa manjano aliyepita tu.

7. Usiiamini rangi peke yake. Spishi ile ile ikikulia kwenye baridi huweza kuwa nyeusi zaidi kuliko ikikulia kwenye joto, na mdudu aliyetoka kujigeuza leo huwa mweupe mpaka ngozi ikauke. Urefu wa mabawa nao hudanganya: Anaphothrips obscurus ana wenye mabawa marefu na wenye mabawa mafupi ndani ya spishi moja. Thiripi wachanga, ambao hawana mabawa, ni wagumu kuwatambua. Waweke kwenye kichupa pamoja na kipande cha nyasi walikotoka, uwangoje wakue.

8. Mmea ulipomkuta si ushahidi. Upepo huwatupa popote. Thiripi mzima mmoja juu ya jani la mabingobingo hathibitishi kwamba anaishi hapo. Watoto wake wakiwepo, hapo sawa.

9. Muandae vizuri, au usijisumbue. Mnyanyue kwa ncha ya burashi iliyoloweshwa, usimshike kwa vidole. Spiriti ya kiwango cha juu humkakamaza, viungo vikakataa kunyooka. Ya asilimia 60 inatosha. Kwa hadubini ya kukuza mara 400, mloweke kwanza kwenye magadi makali ya asilimia 5 mpaka vilivyomo tumboni viyeyuke na mwanga upenye. Kisha mlaze kwenye kioo, mtandaze mabawa, mnyooshe vipapasio mbele, mguu mmoja baada ya mwingine. Kazi hii haitaki haraka. Kipapasio kilichojikunja hakihesabiki, na bawa lililojifunga linaficha mishipa yote miwili uliyokuwa unaitafuta. Ndani ya kichupa tia karatasi yenye tarehe, mahali, na jina la nyasi, na uandike kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.