Je, Kitunguu Saumu Kinahusiana na Swaumu?

Katika somo hili tutazame majina ya vyakula vyetu, tukianza na lile linalowababaisha wengi: kitunguu saumu kimepataje jina la funga?

Hakina uhusiano wowote na funga. Kwa Kiarabu ni thuum, kwa herufi ya thaa. Funga ni swaum, kwa swaad. Ndugu zetu wa Unguja bado husema kitunguu thomu. Huku bara thaa imegeuka siin, kama wengi wanavyosema "selasini", na maneno mawili yakafanana. Sasa iko hadithi katika Bukhari na Muslim inayomtaka aliyekula thuum asiukaribie msikiti, kwa ajili ya harufu. Mwanafunzi akiisoma kwa swaad, anayezuiwa msikitini atakuwa mtu aliyefunga! Ndiyo maana walimu wanahimiza makhraj.

Maneno mengine yalipoingia Kiswahili yalipoteza herufi kabisa. Asali ni asal kwa ain. Halua ina haa ya kooni. Mswahili wa pwani huzitafuta herufi hizi kwa taabu, lakini ninyi mnaozungumza Kiiraqw nyumbani hapa Hirbadaw mnazo tayari. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, nayo pamoja na Kiarabu zimo katika ukoo mmoja mkubwa wa lugha, uitwao wa Kiafro-Asia. Thaa ndiyo hamna; hiyo ncha ya ulimi iguse meno ya mbele ya juu, pumzi ipite.

Tusidhani pia kwamba kila neno la Kiarabu lilianzia Uarabuni. Sukari tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Waajemi, na asili yake ni Kisanskriti cha Bara Hindi. Mahindi jina lake linataja Hindi, ilhali zao lenyewe lilitoka bara la Amerika baada ya 1492. Jina si shahidi wa shamba.

Katika Suratul Baqarah, aya ya 61, wametajwa adas na basal. Adas tuliichukua, ni adesi. Basal hatukuichukua, tulitosheka na kitunguu.

Zoezi: Andika kwa herufi za Kiarabu asili ya maneno haya: asali, halua, adesi, samaki, kahawa. Kisha yasome mbele ya ustadhi wako.